Stika ndogo shajarani humfaa mgonjwa anayesahau dawa

SWALI huwa ni lile lile kila mgonjwa wa presha anapoketi mbele ya daktari: "Umekuwa ukimeza dawa zako vizuri?" Na jibu huwa ni lile lile: "Ndiyo, daktari."

Mara nyingi mgonjwa huyo hadanganyi. Anakumbuka kwamba alimeza Jumatatu, na Jumanne pia. Kuhusu Jumatano hana hakika, na mwisho wa wiki alikuwa amesafiri mashambani kwa mazishi na tembe zikabaki mjini. Lakini hayo yote hayamjii akilini anapoulizwa ghafla huku foleni ikiwa ndefu nje ya mlango.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Mashine inaonyesha presha ya 160 kwa 100. Daktari akiamini kwamba dawa imemezwa kila siku, ataona kuwa haifanyi kazi, na huenda akaongeza kipimo chake au akaandika dawa ya pili. Mgonjwa anarudi nyumbani na woga, anaanza kumeza zote bila kukosa, na baada ya siku chache presha inashuka kupita kiasi. Anasimama kwenye steji ya matatu na kuona kizunguzungu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri ni karibu nusu tu ya wagonjwa wenye maradhi ya kudumu ambao hufuata matibabu yao inavyotakiwa. Ripoti hiyo iliongeza kuwa katika nchi zinazostawi hali ni mbaya zaidi.

Leo tutaangalia kifaa ambacho wengi wa wasomaji wetu tayari wanacho. Ni shajara, au dayari kama tunavyozoea kuiita. Kila Desemba benki, kampuni za bima na wauzaji wa jumla huwagawia wateja wao shajara bila malipo, na nyingi huandikwa madeni katika kurasa tatu za kwanza kisha zikasahauliwa ndani ya droo.

Pamoja na shajara, tutazungumzia zile stika ndogo za rangi, nyota, maua na vidoti, ambazo walimu wa chekechea hubandika kwenye daftari la mtoto aliyefanya vyema. Huuzwa katika maduka ya vitabu na vifaa vya ofisi, na bei yake si ya kumtisha mtu.

Msomaji anaweza kuuliza: kwani simu haitoshi? Inatosha kwa wengine. Hata hivyo, simu hulia ukiwa umebanwa kwenye matatu au mkutanoni, ukaizima, na baada ya hapo haibaki alama yoyote ya kuonyesha kama ulimeza au la. Ukurasa wa karatasi hukungojea.

Kusahau si uzembe

Mwaka 1961 mhandisi mmoja wa jimbo la Illinois nchini Marekani, David Wagner, alikuwa na tatizo hili hili nyumbani kwake. Mkewe Doris alikuwa ameandikiwa tembe za kupanga uzazi, ambazo wakati huo ziliuzwa zikiwa zimemiminwa tu ndani ya chupa. Wawili hao walikuwa wakiulizana kila mara: ya leo umemeza, au hujameza?

Wagner alichukua karatasi, akaandika siku za wiki, akaweka tembe moja juu ya kila siku na kuiacha karatasi hiyo juu ya kabati la chumba cha kulala. Kama siku ilikuwa tupu, dawa ilikuwa imemezwa. Mambo yalikwenda vizuri hadi siku moja kitu kilipoiangukia karatasi hiyo na tembe zikatawanyika sakafuni.

Ndipo alipotengeneza kijisanduku cha duara chenye siku zilizoandikwa, na mwaka 1964 akapewa hataza yake. Mwanamke anayetumia tembe hizo leo na kuona majina ya siku yamechapishwa kwenye paketi anafaidika na wazo lililoanzia kwenye karatasi ile ya juu ya kabati.

Kinachofaa kuzingatiwa katika kisa hiki ni swali lenyewe. Doris alijua dawa ni za nini, na alijua zinamezwa vipi. Alichokosa ni ushahidi wa kilichofanyika siku hiyo. Mgonjwa asiye na ushahidi hukisia, na kukisia kuna pande mbili. Mmoja huacha akidhani amekwisha kumeza. Mwingine humeza tena "kwa usalama". Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au tembe za glibenclamide, kurudia dozi kunaweza kuteremsha sukari hadi atetemeke, atokwe na jasho, aanze kusema maneno yasiyoeleweka na hata azirai.

Stika nne zatosha

Makosa ya watu wengi wanaoanza kutumia stika ni kubandika nyingi mno. Wanabandika nyota kila siku ya mwaka kwa kila tembe, na ifikapo Februari jicho limezoea nyota na haliambiwi chochote nazo.

Kwa maoni yangu, stika za aina nne zinatosha, na dawa ya kila siku isiwe na stika hata moja. Dawa ya kila siku iwekewe alama ya kalamu kwenye pembe ya ukurasa, baada ya tembe kushuka kooni wala si kabla. Mtu anayeweka alama asubuhi kwa kuwa "nitameza nikifika kazini" amejiandikia uongo ambao atauamini jioni.

Stika ni za mambo yasiyotokea kila siku, na hubandikwa mapema. Kidoti cha buluu kinaweza kuwa siku ya kliniki. Chekundu kiwe siku ya kupimwa damu kwenye maabara, na karibu nacho uandike kama unatakiwa kufika bila kula. Nyota iwe siku ya kununua dawa kabla hazijaisha. Ua liwe dawa inayotumiwa mara moja kwa wiki, kwa mwezi au kwa miezi mitatu. Tofautisha kwa umbo na si kwa rangi pekee, kwa sababu kuna watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani na hawajui hivyo.

Ua hilo si mchezo. Kuna dawa iitwayo methotrexate ambayo wagonjwa wa baridi yabisi huandikiwa wameze siku moja tu kwa wiki. Wapo wagonjwa katika nchi mbalimbali waliofariki kwa kuimeza kila siku kimakosa, kwa kuwa tembe nyingine zote nyumbani ni za kila siku. Mgonjwa wa dawa hiyo achague siku yake pamoja na daktari, abandike ua kwenye siku hiyo katika kila wiki ya mwaka, na siku isiyo na ua asiiguse chupa.

Nyota nayo huhitaji hesabu kidogo. Ukinunua tembe 30 za kumeza moja kwa siku na ukaanza tarehe 1 Machi, ya mwisho utaimeza tarehe 30. Bandika nyota tarehe 23, ili uwe na wiki nzima ya kutafuta pesa au duka lenye dawa hiyo. Kama kuna safari ya Krismasi au Pasaka njiani, isogeze nyota nyuma zaidi, kwani si kila dawa hupatikana madukani mashambani.

Wagonjwa wa pumu ndio husahau hesabu hii kuliko wote. Inhela ya kuzuia, ile inayotumiwa kila siku hata mtu akiwa mzima, mara nyingi huwa na mipulizo 200. Anayevuta miwili asubuhi na miwili jioni hutumia minne kwa siku, na itamfikisha siku 50. Baada ya hapo inhela huendelea kutoa hewa inapobonyezwa, na mgonjwa hudhani bado anapata dawa. Nyota na iwe siku ya 43.

Kadhalika, aina nyingi za insulini zikishaanza kutumiwa hutakiwa kutupwa baada ya siku 28 hivi, na dawa nyingi za matone ya macho baada ya wiki nne, hata kama chupa haijaisha. Soma karatasi iliyomo ndani ya pakiti, kisha ubandike.

Na ikiwa umekosa dozi? Usimeze mbili kwa pamoja kwa kukisia. Kanuni ya tembe za kupanga uzazi si ya dawa ya presha, na ya dawa ya presha si ya insulini. Muulize mfamasia siku ile ile anapokupa dawa, na uliandike jibu lake shajarani papo hapo.

Ua lisilosema kitu

Shajara ya ofisini hukaa juu ya meza. Mwenzako akitafuta nambari ya simu ataifungua bila hata kuomba ruhusa. Ukiwa umeandika "kliniki ya CCC" au jina la dawa ya kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, habari hiyo itafika mwisho wa ukumbi kabla ya chai ya saa nne.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu kuzuia na kudhibiti Ukimwi inakataza mtu kutangaza hali ya mwingine bila idhini yake. Lakini sheria haiwezi kuyafumba macho ya mtu anayepita karibu na meza yako.

Hapa pambo linafanya kazi ambayo maandishi hayawezi. Ua la njano kwenye ukurasa wa Alhamisi ni ua tu kwa kila mtu isipokuwa mwenyewe. Mwanamke anayedungwa sindano ya kupanga uzazi kila baada ya miezi mitatu, na hataki mjadala kuhusu jambo hilo, atabandika ua. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa za matatizo ya akili. Pana na faida nyingine: shajara iliyopambwa kidogo haishangazi mtu, na stika moja ya siri haijitokezi kati ya nyingine mbili tatu za kawaida.

Usiandike maana ya stika kwenye ukurasa wa kwanza wa shajara hiyo, kwani hapo utakuwa umempa mwizi ufunguo. Hata hivyo, siri kamili nayo ina hatari zake. Mtu mmoja unayemwamini na ajue unatumia dawa gani, ili ukizirai barabarani kuwe na wa kuulizwa.

Karatasi za kuchomeka

Stika hukukumbusha wewe. Daktari anahitaji karatasi. Kama shajara yako ni ya pete, toboa karatasi na uzichomeke. Kama imeshonwa, gundisha bahasha ndani ya jalada la nyuma na uzikunje humo.

Karatasi ya kwanza ni orodha ya dawa. Andika jina kama lilivyo kwenye pakiti, si "ile nyeupe ya asubuhi", kwa maana ukibadilishiwa kampuni nyeupe huwa ya manjano. Andika nguvu yake kwa miligramu, humezwa mara ngapi, na ulianza lini. Chini yake andika dawa ambazo ziliwahi kukudhuru, kwa mfano penisilini iliyokuletea vipele au kukuziba pumzi.

Usiache nje dawa za kienyeji wala za maumivu unazojinunulia. Nyingi za dawa za maumivu, kama vile ibuprofen na diclofenac, zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Mtu anayezimeza kila wiki kwa ajili ya mgongo na kunyamaza atampa daktari kazi ya kutafuta sababu ambayo imo mfukoni mwake.

Orodha hii iandikwe kwa penseli, au dawa zinazobadilika ziandikwe kwenye kibandiko chenye gundi hafifu kinachobanduka bila kuchana karatasi. Vibandiko hivyo vimetokana na gundi aliyoitengeneza Spencer Silver wa kampuni ya 3M mwaka 1968. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua ingetumiwa kwa nini, hadi mwenzake Arthur Fry, mwimbaji wa kwaya, alipoitumia kushikilia alama katika kitabu chake cha nyimbo kanisani.

Karatasi ya pili ni ya vipimo. Kwa mwenye mashine ya presha nyumbani, wiki moja kabla ya kliniki inatosha. Keti kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza ukiwa sawa na moyo. Katika nusu saa iliyotangulia usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa au chai. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni.

Andika namba zote. Wengi huandika zile nzuri na kuacha zile mbaya, kana kwamba ni mtihani wa shule na daktari ndiye mwalimu. Ikumbukwe kwamba presha ya 135 kwa 85 iliyopimwa nyumbani huhesabiwa kuwa sawa na 140 kwa 90 ya kliniki. Na ukiona 180 kwa 120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito, weka kalamu chini na uende hospitali wakati huo huo.

Jambo moja dogo huleta makosa makubwa katika nyumba zetu. Shajara nyingi huchapishwa kwa saa za Kizungu. Kijana anaandika dawa ya nyanya yake katika mstari wa 8.00, naye mfanyakazi wa nyumbani anasoma saa nane na kumpa mchana. Andika "saa 2 asubuhi, baada ya chai" kwa maneno kamili na ufute namba iliyochapishwa. Vilevile "1x3" iliyoandikwa kwenye bahasha ya dawa ni tembe moja mara tatu kwa siku, wala si tembe tatu kwa mara moja. Liandike hilo pia kwa maneno.

Kwa wazazi wa watoto wachanga, kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotolewa kliniki kiachwe kilivyo. Usikibandike pambo lolote wala kuchana ukurasa, kwani ndicho rekodi ya chanjo. Nakili tarehe tu. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huangukia siku ile ile ya wiki aliyozaliwa mtoto. Aliyezaliwa Jumanne, zote tatu ni Jumanne, na vidoti vitatu vya buluu vinaweza kubandikwa mama akiwa bado kitandani. Kisha cha miezi 9 na cha miezi 18, vya chanjo ya surua na rubella. Hicho cha miezi 18 ndicho husahauliwa zaidi, kwa kuwa mtoto anatembea na hakuna anayefikiria kliniki.

Mzazi mkongwe asiyebeba mkoba, shajara haitamfaa. Tumia kalenda ya ukutani, ile ya duka au ya kanisa, na stika kubwa. Mfungie kalamu kwa uzi kwenye msumari huo huo.

Onyo kuhusu watoto: stika za wanyama na vikatuni zisibandikwe kamwe kwenye chupa ya dawa. Mtoto wa miaka mitatu huona chupa yenye twiga kuwa ni yake. Ukitaka kuoanisha dawa na shajara, kidoti cha rangi moja kinatosha, na kisifunike tarehe ya mwisho wa matumizi. Na kwa wasomaji wa Mombasa na Malindi, bonyeza stika kwa ukucha na kuizibia kwa selotepu, la sivyo joto litailegeza na utaikuta nyota ya Aprili imeganda kwenye Agosti.

Shajara mpya ikipatikana mwishoni mwa mwaka, hamisha kwanza miadi ya Januari na Februari, na kwa mwenye kisukari tarehe ya kupimwa macho, ambayo hutakiwa angalau mara moja kila mwaka au kama daktari atakavyosema. Ya zamani iweke hadi baada ya kliniki ya kwanza ya mwaka. Ukiamua kuitupa, toa kwanza karatasi ya dawa na uichome, kwa sababu shajara nyingi kuukuu huishia kufungia njugu, na orodha ya dawa zako si habari ya kusomwa na mla njugu.